Uzoefu wangu na Hive: wiki 13 za kusubiri

Nilijiunga na Hive, mtandao wa kuandika ambako kura za wasomaji hugeuka malipo ya sarafu ya kidijitali, mwaka 2021 kwa tamaa, sitaficha. Shemeji alinionyesha simu yake: picha tatu za soko, maelezo kidogo, na chini yake dola 11. Sarafu ya mtandao huo, HIVE, ilikuwa inapanda, mwishoni mwa Novemba ikavuka dola 3, nami nikajiona nimechelewa utajiri. Nikaweka andiko la kwanza, nikasubiri siku 7 kama utaratibu ulivyo, kura zihesabiwe ndipo malipo yatoke. Senti 3. Za dola, lakini senti 3.

Miezi kadhaa niliendelea hivyo hivyo: naweka andiko, natoka, narudi kuangalia kilichonasa, kama mtu aliyetega panya. Sikuwa nasoma la mtu yeyote.

Siku moja nikaandika kuhusu bada, ule ugali wetu wa muhogo wa Tanga, jinsi bibi alivyokuwa akitwanga makopa na kuchekecha unga hadi kanga inageuka nyeupe. Mama mmoja wa Venezuela akauliza: sumu ya muhogo mchungu mnaitoaje? Kwao wanaukuna ungali mbichi, wanaukamua maji, kisha wanauoka juu ya bamba la moto uwe mkate mkavu, casabe. Tukaongea siku mbili, yeye Kihispania, mimi Kiswahili, programu ya tafsiri katikati ikiita kinu "kiwanda". Andiko lile halikulipa cha maana. Ila tangu siku ile yeye na wenzake wakawa wanapita kwangu, nami napita kwao, na kura zikaanza kuja bila kuombwa.

Hapo ndipo nikauelewa mfumo. Malipo ya andiko hugawanywa nusu kwa nusu, mwandishi na waliolipigia kura. Uzito wa kura yako unategemea sarafu ulizozifungia kwenye akaunti, zinaitwa Hive Power, kwa hiyo kila senti niliyoiacha ndani ilinipa nguvu ya kumwinua mgeni mwingine. Ukipiga kura ovyo nguvu ya kura zako inashuka kwa muda, inarudi asilimia 20 kwa siku, basi unajifunza kuchagua.

Ubaya wake nao niliuonja. Nilipotaka kutoa akiba ya ada ya mtoto nikakuta hutoki na mzigo wote: inatoka kidogo kidogo, kila wiki kipande, kwa wiki 13. Shule ikafunguliwa nimepokea vipande viwili. Kaka ndiye aliyenikopesha, na maneno yake nayo niliyameza. Nilikasirika sana, lakini najijua: kama ingewezekana kutoa kwa siku moja, ningekuwa nimeshamaliza kila kitu zamani, na akaunti imekufa.

Bei nayo ni ya kuvumilia. Zile dola 3 sijaziona tena, na anayeingia kwa kupiga hesabu za mshahara atalia. Funguo za akaunti, yaani nywila zake, pia ziandike kwenye karatasi, hakuna ofisi ya kwenda kusema umesahau. Zangu ziko chini ya sanduku la kanga. Na picha piga mwenyewe. Niliwahi kuokota moja mtandaoni, kura za kushusha zikaniangukia, malipo yakawa sifuri. Nilistahili.

Kinachonifanya nibaki ni tabia ya wenyeji. Hive yenyewe ilizaliwa tarehe 20 Machi 2020, watumiaji wa Steem, mtandao wa mwanzo wa namna hii, walipojitenga baada ya Justin Sun, mfanyabiashara wa sarafu za kidijitali, kuinunua Steemit, kampuni iliyouanzisha. Walihama na kumbukumbu zao, maandiko na akaunti, wakaanza upya. Watu wa namna hiyo hawaulizi umeingiza ngapi leo.

Mwezi uliopita nilichopata kilitosha kujaza mtungi mdogo wa gesi. Yule mama bado namdai picha ya bamba lake la casabe; anasema mvua ikikatika.