Wireshark: nyota nne kwa kumnasa mpayukaji wa wifi

Wireshark ni programu ya bure ya kunasa na kusoma pakiti, yaani vipande vya data vinavyopita kwenye mtandao, na ndiyo iliyonijibu swali langu: ni kifaa gani humu ndani kinachofanya taa zote za swichi (kisanduku kinachounganisha vifaa vya mtandao kwa waya) zipepese kwa pamoja kila sekunde tano, hata watu wakiwa wamelala? Programu za simu zinazoorodhesha vifaa nilikuwa nazo. Zinakwambia nani yupo, hazikwambii nani anapayuka.

Taa kupepesa pamoja hivyo ni dalili ya brodikasti, yaani pakiti iliyoelekezwa ff:ff:ff:ff:ff:ff, anwani ya vifaa vyote, ambayo swichi huisambaza kwenye kila tundu. Hapo ndipo kazi inaporahisika. Ukitaka kusikiliza vifaa vingine viwili vikizungumza, lazima swichi iwe na uwezo wa kukunakilia pakiti. Brodikasti inakufuata yenyewe. Laptopu iliyochomekwa waya inatosha. Andika eth.dst == ff:ff:ff:ff:ff:ff kwenye kisanduku cha filta, usubiri.

Nyingi hazina neno: ruta inauliza kwa ARP nani mwenye anwani fulani, simu inaomba anwani kwa DHCP. Iliyonishughulisha ilikuwa pakiti ya UDP (njia ya kutuma data bila kungoja jibu) kwenda 255.255.255.255, yaani kwa wote, yaliyomo yamefumbwa. Wireshark husoma baiti tatu za mwanzo za anwani ya MAC (namba inayotambulisha kifaa kwenye mtandao) na kukupa jina la kampuni, nami nikapewa jina lisiloandikwa kwenye kifaa changu chochote. Mara nyingi ni jina la aliyetengeneza chipu ya wifi, si la aliyekiuza kifaa. (Tarakimu ya pili ya MAC ikiwa 2, 6, A au E, usihangaike na kampuni, simu za siku hizi hujibunia anwani.)

Ikabaki kuchomoa kimoja kimoja. Ilipotoka soketi janja ya taa ya nje, mistari ikakatika. Kumbe inajitangaza ili programu yake ya simu iione, basi. Nimeihamishia wifi ya wageni.

Nyota ya tano naibania. Gerald Combs aliianzisha mwaka 1998 kwa jina la Ethereal, na bado inamchukulia kila mtu kuwa fundi wa mitandao: rangi tele, menyu ndefu, hukumu hakuna. Kwenye Windows, usiruke Npcap (programu saidizi ya kunasia pakiti) wakati wa kusakinisha, la sivyo hutanasa kitu. Mgeni aanzie menyu ya Statistics, afungue Endpoints, kisha abonyeze safu ya pakiti. Msemaji mkuu atapanda juu.