Garmin Xero C1 Pro: kipima spidi ya risasi kisichobabaishwa na upepo wa ziwa

Wana Rock City, yaani Mwanza, mnaomiliki bunduki za kuwindia kihalali, ile namba ya spidi iliyoandikwa kwenye boksi la risasi msiiamini mpaka mpime wenyewe. Boksi la .30-06 (aina ya risasi ya kuwindia) ya grain 180, yaani uzito wa kichwa cha risasi, kwa kawaida linaandikwa futi 2,700 kwa sekunde, yaani mita 823 hivi, ila hiyo imepimwa kiwandani kwa mtutu wa inchi 24. Yangu ina inchi 22 na wastani ulisoma 2,610. Kwa mita 100 huoni tofauti yoyote kwenye shabaha, lakini ukiingiza 2,700 kwenye programu ya simu inayokupigia hesabu za kurekebisha darubini ya bunduki, kadiri mnyama anavyokuwa mbali ndivyo risasi inavyozidi kupita chini ya pale ulipolenga, halafu unabaki unailaumu darubini bure.

Zamani nilitumia kipima spidi cha macho mawili, risasi inapita juu ya jicho la kwanza halafu la pili, chenyewe kinapiga hesabu ya muda. Wazo zuri, ila huku kwetu upepo wa ziwa ukianza mchana vile vifuniko vyake vya kukinga mwanga vinayumba hadi stendi inataka kulala, wingu likipita kinaruka namba, na jua la saa kumi kikawa hakisomi kitu. Vile vya kufunga kwenye mtutu navyo havijali jua, tatizo vinaongeza uzito pale mbele kwahiyo risasi inahama, huwezi kupima spidi na kulenga kwa wakati mmoja.

Hii Xero iliyotoka 2023 ni rada. Unaiweka mezani pembeni ya bunduki, unaielekeza kwenye shabaha, unachagua risasi ya bunduki na uzito wake, basi, piga. Namba inatokea hapo hapo na kioo kinasomeka juani. Ni ndogo, inaingia kwenye mfuko wa shati, inasoma kuanzia futi 100 hadi 5,000 kwa sekunde kwahiyo hata mshale inapima, na chaji yake ni USB-C kama ya simu nyingi, inakaa kama masaa sita. Ila uielekeze vizuri, rada haioni kilicho nje ya upande inaoelekea.

Mimi kinachonifurahisha zaidi siyo hata wastani, ni mtawanyiko. Inakuonyesha ya juu kabisa, ya chini kabisa na zimeachana kiasi gani. Wenzetu Afrika Kusini na Marekani wanaojaza risasi wenyewe wanaitumia kujua kipimo gani cha baruti kinatoa spidi isiyorukaruka, sisi tunaonunua boksi tunapima boksi kwa boksi, na jamani zinatofautiana! Usiache risasi juani juu ya boneti halafu upime, baruti ikipata joto spidi inapanda, weka kivulini zote.

Bei ndo inauma, ilitoka kwa dola 600 hivi huko Marekani, bado usafiri na ushuru. Kama unapiga nyati kwa .375 (bunduki ya wanyama wakubwa) mita hamsini usijisumbue, hela hiyo nunua risasi ufanye mazoezi. Ila mnaopiga mbali changeni watu watatu wanne mnunue moja, izunguke, maana ukishajua spidi ya boksi lako huihitaji tena mpaka ubadilishe risasi.