Kununua Madini ya Mifugo ya Malishoni: Kipi Kitangulie

Udongo unaootesha nyasi nyingi unaweza kuwa na upungufu wa madini ambayo nyasi hazina haja nayo ilhali mnyama hawezi kuishi bila hayo, kama vile seleni. Kwa sababu hiyo, nafasi ya kwanza naipa huduma ya kupima malisho katika maabara, kabla ya mfuko wowote wa dukani. Kupima udongo peke yake hakutoshi: shamba likitiwa chokaa, kwa mfano, molibdeni huongezeka katika nyasi, nayo ikikutana na salfa tumboni huzuia mwili wa ng'ombe kufyonza shaba, hata kama shaba yenyewe ipo.

Majibu yakishapatikana, bidhaa ninayoipendekeza zaidi ya zote ni mchanganyiko wa madini wa unga wenye fosforasi. Nyasi zikikomaa na kukauka, fosforasi hushuka sana, na ng'ombe anayetafuna mifupa malishoni huenda anatafuta madini hayo hasa. Someni lebo kwa makini, mkitafuta kiasi cha fosforasi, shaba, zinki na kobalti, ambayo vijiumbe vya tumboni huitumia kutengeneza vitamini B12. Mchanganyiko mwingi hutengenezwa ili ng'ombe mzima ale takribani gramu 50 hadi 100 kwa siku, na unahitaji kihori chenye paa, kwani mvua huuharibu.

Jiwe la kulamba nimeliweka nyuma ya unga. Ni rahisi kubeba na hustahimili mvua, lakini likiwa gumu mno ulimi haupati kiasi cha kutosha, na mengi yana chumvi nyingi kuliko fosforasi. Chumvi tupu inafuata. Huleta sodiamu, ambayo nyasi nyingi zina kidogo, lakini haizibi pengo jingine.

Vidonge vizito vinavyokaa tumboni kwa miezi kadhaa vikitoa shaba, kobalti na seleni polepole vinafaa kwa kundi linalochunga mbali, ingawa haviwezi kubeba fosforasi ya kutosha, kwa kuwa hiyo huhitajika kwa gramu nyingi kila siku.

Mwenye kondoo asinunue kabisa mchanganyiko wa ng'ombe: shaba iliyomo hujilimbikiza katika ini la kondoo na inaweza kumwua. Atafute mfuko ulioandikwa wazi kuwa ni wa kondoo.