Kofia ya Jino katika Kliniki Moja ya Kinondoni: Tathmini ya Huduma na Siku Zilizofuata

Gego langu la chini, upande wa kulia, lilipasuka ukingo nilipotafuna kokoto kwenye wali. Kwa kuwa lilikuwa limekwisha kuzibwa sehemu kubwa miaka ya nyuma, daktari aliniambia kwamba kuliziba tena kusingedumu, na kwamba ni afadhali livalishwe kofia ya kauri, yaani kifuniko kinachofunika jino lote juu ya fizi, kabla ufa haujafika kwenye mzizi. Niliogopa maumivu kuliko gharama, kwa hiyo tathmini hii inahusu hasa namna nilivyotunzwa, kuanzia kwenye kiti cha kliniki hadi nyumbani.

Siku ya kwanza nilifika saa tatu asubuhi nikiwa nimekunywa chai na kula vizuri, kama nilivyoelekezwa kwa simu, kwa sababu baada ya ganzi mtu hukaa saa kadhaa bila kutafuna. Daktari alipaka kwanza dawa ya ganzi kwenye fizi, akasubiri, ndipo akachoma sindano na kuisukuma dawa polepole sana, akinieleza kwamba ikisukumwa kwa haraka ndipo mtu huhisi maumivu makali. Hakuligusa jino mpaka nusu ya mdomo na ulimi ilipokufa ganzi kabisa. Tulikubaliana kwamba nikiinua mkono wa kushoto atasimama, na mara zote mbili nilipouinua alisimama papo hapo. Taya ndilo lililonichosha zaidi, kwani mdomo ulikuwa wazi kwa karibu saa nzima, lakini msaidizi aliniwekea kipande cha mpira cha kung'ata upande wa pili, na uchovu ukapungua sana. Wakati wa kuchukua chapa ya meno, yaani umbo lake la kutengenezea kofia, ambapo wengi hupata kichefuchefu, aliniketisha wima, akaniambia niinamishe kichwa kidogo na kupumua kwa pua.

Niliondoka na kofia ya muda, ambayo hugandishwa kwa gundi hafifu ili iweze kuondolewa baadaye. Nilimeza dawa ya maumivu kabla ganzi haijaisha, kama daktari alivyoshauri baada ya kuniuliza kuhusu vidonda vya tumbo na dawa nyingine ninazotumia, na jioni ile fizi iliuma kidogo tu. Kwa wiki mbili nilitafunia upande wa kushoto, nikaacha kashata, muwa na mahindi ya kuchoma, nikasukutua maji ya vuguvugu yenye chumvi, na nilipopitisha uzi wa kusafishia meno niliuchomoa kwa pembeni badala ya kuuvuta juu, kwa sababu kuuvuta juu kunaweza kuing'oa kofia. Maji baridi yalinichoma, lakini nilikuwa nimeambiwa mapema kwamba jino ambalo bado lina uhai hufanya hivyo baada ya kuchongwa ili kofia iingie, na kujua jambo hilo kuliniondolea hofu nyingi.

Kuweka kofia ya kudumu kulichukua muda mfupi, na hapa ndipo kliniki ile ilipostahili sifa kubwa. Daktari aliniambia ning'ate karatasi ya rangi inayoacha alama pale meno yanapogusana, akachonga palipogusa kupita kiasi, na sote tukadhani kazi imekwisha. Siku mbili baadaye nilihisi kwamba kila nikifunga mdomo jino lile hutangulia kugusa, na kufikia usiku lilikuwa likiuma. Nilipopiga simu hawakuniambia nivumilie nitazoea. Waliniita asubuhi iliyofuata, wakapima tena nikiwa nimeketi wima na bila ganzi, kwa kuwa mtu mwenye ganzi hakutanishi meno kama kawaida yake, wakachonga kiasi kidogo mno bila malipo ya ziada. Maumivu yaliisha ndani ya siku tatu. Ningependa kila anayevalishwa kofia afahamu jambo hili, kwa sababu jino lililozidi urefu hata kidogo hugongwa kila unapotafuna, na kulivumilia kunaweza kuliharibu zaidi.

Kasoro niliyoiona ni moja, nayo si ndogo: karatasi ya maelekezo ya kujitunza nyumbani imeandikwa kwa Kiingereza peke yake. Mimi nilielezwa kwa mdomo kwa sababu niliuliza, lakini mama yangu, ambaye naye anatarajia kuvalishwa kofia hapo, hangeelewa hata mstari unaomkataza kutafuna kabla ganzi haijaisha, na mtu asiyejua hilo anaweza kujing'ata shavu mpaka litoke damu bila kuhisi. Nimewaomba waiandike kwa Kiswahili, na muuguzi wa mapokezi amelipokea ombi hilo vizuri. Kwa sasa nimemwandikia mama maelekezo yote kwa mkono, kwa herufi kubwa, naye ameyabandika kwenye kabati la jikoni.