Uchambuzi: Hati fungani ya Goschen ya 1888, inayojipunguza riba yenyewe

Haya, karibuni tena. Leo mezani hakuna simu wala spika, kuna karatasi. Ngoja nisogeze kamera. Hii ni nakala ya risiti ya Consols, deni la serikali ya Uingereza. Jina la mwenye mali, kiasi, sahihi ya karani. Inapendeza, lakini usiilalie chini ya mto bure: hata enzi zake ukiipoteza hukupoteza kitu, maana mali yenyewe ilikuwa mstari kwenye daftari la Bank of England.

Toleo la zamani lilikuwa tamu. Asilimia 3 kwa mwaka, halina tarehe ya kuiva, yaani siku ya lazima ya kurudishiwa mtaji. Wewe huwezi kuidai serikali mtaji wako, lakini yenyewe inaweza kukurudishia pauni 100 zako ikitaka. Na hapo ndipo mtego ulipo.

Mwaka 1888 bei sokoni ya hati ya pauni 100 ilikuwa imepita pauni 100. Waziri wa Fedha, George Goschen, akaona: kama watu wanagombea asilimia 3, kwa nini niendelee kuwalipa hiyo? Akatoa toleo jipya. Asilimia 2.75 mpaka 1903, halafu 2.5. Deni lililoguswa lilizidi pauni milioni 500. Mjane mwenye pauni 1,000, aliyezoea kupata 30 kwa mwaka, sasa anapata 27 na nusu, baadaye 25. Hajaibiwa, kapunguziwa tu.

Namna walivyoibadilisha ndiyo iliyonifurahisha. Kundi moja la hati, New Threes, serikali ingeweza kulilipa bila kutoa notisi. Wenye hati hizo waliambiwa hivi: usiposema hapana, umekubali. Ni kama zile programu za simu, "ukiendelea kutumia umeridhia masharti". Wenye Consols zenyewe walikuwa na kinga ya notisi ya mwaka mzima, kwa hiyo wakabembelezwa: shilingi 5 kwa kila pauni 100 ukikubali, na madalali wakapewa kamisheni yao. Childers, mmoja wa mawaziri wa fedha waliomtangulia, alijaribu ubadilishaji kama huu 1884, wengi wakampuuza. Goschen alijua dalali asipokula, biashara haiendi.

Mazuri yapo, tusimwonee. Riba ikaanza kulipwa kila miezi mitatu badala ya sita, na uliahidiwa hutarudishiwa mtaji kabla ya 1923.

Mabaya? Bei. Katikati ya miaka ya 1890 ilipanda ikazidi 110, watu wananunua kama njugu. Kufikia 1914, kabla hata ya vita, ilikuwa chini ya 80. Fikiria umenunua kileleni, huku riba imeshuka hadi 2.5 na tarehe ya kuiva haipo. Unasubiri nini?

Waliosubiri kweli walilipwa Julai 2015, pauni 100 kwa 100, thamani ileile ya kwenye daftari. Pauni ya 2015, lakini.

Mimi ningenunua lile toleo la zamani, mwaka 1880. Hili jipya kwa 112, hapana, hata unipe na kamisheni ya dalali.