Mzee wa kanisa au mwenyekiti wa kijiji?

Nimeombwa mambo mawili kwa wakati mmoja: niwe mzee wa kanisa katika usharika wetu wa Kilutheri hapa Old Moshi, au nigombee uenyekiti wa kijiji.

Uzee wa kanisa ninaufahamu kwa sababu baba yangu aliushika. Jumapili, baada ya ibada, sadaka za mazao hunadiwa uwanjani, na mkungu mmoja wa ndizi unaweza kupandishwa bei mara tano, kila anayeununua akiurudisha unadiwe tena, huku mzee wa kanisa akiandika kila shilingi mbele ya macho ya watu wote. Jirani wawili wakigombania zamu ya maji ya mfereji, humwita yeye kwanza, naye huwapatanisha kwa sala na, tusifichane, kwa jani la isale, alama ya amani na msamaha kwetu Wachagga, ambalo bibi zetu waliliheshimu kabla wamisionari hawajafika.

Uenyekiti una nguvu nyingine. Mwenyekiti huongoza halmashauri ya kijiji kwa miaka 5, na mkutano mkuu wa kijiji unaweza kumdai taarifa ya mapato na matumizi. Tatizo langu ni kwamba sheria haina mgombea binafsi: ni lazima nipitie chama, na wanangu wawili wanashabikia vyama tofauti, kiasi kwamba hata mezani hupitishiana chumvi kimyakimya.

Barabara ya kwetu, hata hivyo, haitengenezwi kwa mnada wa ndizi. Kwa sasa naelekea kanisani, ila fomu ya chama bado sijairudisha.