Zana za kunukuu kurasa za mtandaoni: ipi uanze nayo, ipi uilipie, ipi uiache

Nilipokuwa namalizia tasnifu, msimamizi wangu alinirudishia sura ya pili akiwa amezungushia duara linki kumi na moja kwenye marejeo. Pembeni aliandika neno moja tu: "Hazifunguki." Taasisi niliyoinukuu ilikuwa imehamia tovuti mpya, na ripoti za zamani hazikuhamishwa. Maneno niliyoyanukuu nilikuwa nayo. Ushahidi kwamba yaliwahi kuwepo, sikuwa nao.

Kwa hiyo mtu akiniuliza achukue zana gani, siangalii kama inapanga marejeo kwa mtindo wa APA vizuri, maana karibu zote zinapanga. Nauliza mawili: inabaki na nakala ya ukurasa wenyewe? Na siku wenye duka wakifunga, vitu vyangu vitatoka? Waliokuwa wakihifadhi makala kwenye Pocket wanalielewa hilo la pili. Mozilla, wenye kivinjari cha Firefox, waliizima Julai 2025.

1. Zotero

Hii ndiyo ya kwanza, na sioni ya kuikaribia. Ilianzia Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, mwaka 2006, na ni bure. Unaweka programu kwenye kompyuta na kitufe chake kwenye kivinjari. Ukibonyeza kitufe, inachukua kichwa cha habari, mwandishi, tarehe, na nakala ya ukurasa mzima inayobaki kwenye mashine yako. Bando likiisha, bado unasoma. Tangu toleo la 7 la mwaka 2024 unaweza kupigia mistari na kuandika maoni yako ndani ya nakala hiyo hiyo. Kwenye Word, LibreOffice au Google Docs inakuwekea nukuu na orodha ya marejeo.

Ila usiiamini kwa macho yaliyofumbwa. Kurasa nyingi hazitaji mwandishi kwa namna ambayo mashine inaielewa, kwa hiyo utajaza mwenyewe, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Ukiandika "Wizara ya Afya" kwenye visanduku viwili vya jina, kwenye marejeo wizara inageuka mtu wa ukoo wa Afya mwenye herufi za kwanza mbele yake. Pembeni ya jina kuna kitufe kidogo cha kuunganisha visanduku viwe kimoja. Kibonyeze, jina litabaki zima.

Kulipia? Wengi hawana haja. Nafasi ya bure mtandaoni ni MB 300, na kinachoila ni mafaili tu. Taarifa za marejeo na vidokezo vyako havihesabiwi. GB 2 ni dola 20 kwa mwaka. Kama unatumia kompyuta moja, zima usawazishaji wa mafaili, weka nakala kwenye fleshi au diski ya nje, na pesa yako ubaki nayo.

2. Wayback Machine

Hainunuliwi, na haipangi marejeo, lakini ndiyo ingeniokoa. Ni ya Internet Archive, maktaba ya mtandaoni inayohifadhi kurasa za wavuti. Unabandika anwani kwenye sehemu ya kuhifadhi ukurasa, unasubiri kidogo, unapewa linki ya nakala ambayo msomaji wako naye anaweza kuifungua. Nakala ya Zotero unaiona wewe. Hii anaiona na msimamizi. Ndani ya linki kuna tarakimu 14: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika, sekunde. Saa hizo ni za UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, kwa hiyo ukihifadhi saa mbili asubuhi Dar es Salaam itaandika 05. Usidhani imekosea. Kurasa zinazodai nywila haiziwezi.

3. Hypothesis

Kwa kikundi kinachosoma pamoja, hii ni tamu. Mnaandika maoni juu ya ukurasa wenyewe, kila mmoja anaona ya mwenzake, na mtu binafsi halipi. Angalia kitu kimoja kabla ya kubonyeza: maoni yako huenda hadharani usipochagua kikundi au "mimi tu". Mstari wa rangi usio na maoni unauona peke yako. Udhaifu wake ni kwamba maoni yameshikizwa kwenye maneno ya ukurasa. Maneno yakibadilishwa, maoni yanabaki yatima.

4. ZoteroBib

Ya kazi ya usiku mmoja. Hakuna akaunti, unabandika linki, unanakili marejeo. Kwa insha ya kurasa tano inatosha kabisa.

5. Mendeley

Nayo hupanga marejeo. Ni ya kampuni ya uchapishaji ya Elsevier tangu 2013, na inatoa GB 2 bure. Kwa makala za PDF ni nzuri. Kwa kurasa za wavuti ni dhaifu. Programu yake ya simu waliiondoa mwaka 2021. Kama tayari uko humo na unataka kuhama, Zotero ina njia ya kuvuta maktaba yako yote moja kwa moja.

6. EndNote

Nayo ni programu ya kupanga marejeo, ila ya kulipia: leseni kamili inazidi dola 200. Kama chuo chenu kimeshailipia, itumie. Kwa pesa ya mfukoni mwako, hapana.